Barua ya wazi kwa wakuu wa makumbusho yetu: Kilwa mnayoionyesha haina bahari

Kwa Mkurugenzi, Mhifadhi Mkuu na Wajumbe wa Bodi,
Makumbusho ya mji wetu.
(Jina nimeliacha kwa makusudi. Mnajijua, na wanaowatembelea wanawajua.)

YAH: MAELEZO YALIYOMO KATIKA CHUMBA CHA KILWA

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa historia wa shule ya sekondari, na kila mwaka huwaleta wanafunzi wangu kwenu. Nianze kwa shukrani, maana mnastahili. Kiingilio cha wanafunzi mmekiweka chini, vyumba vyenu ni visafi, na vijana wanaoongoza wageni wana adabu na subira, hata pale darasa zima linapouliza kwa mkupuo.

Siandiki hadharani kwa kupenda. Nilianza kwa kuzungumza na msimamizi wa zamu. Nikajaza fomu ya maoni. Nikaandika barua, nikaambiwa imepokelewa na inafanyiwa kazi. Nilipofuatilia, nikaambiwa aliyekuwa akiifanyia kazi amehamishwa. Chumba kimefungwa kwa ukarabati, kimefunguliwa, rangi ni mpya, maneno ni yaleyale. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu.

Lalamiko langu kwa kweli ni moja, ingawa nitalipanga kwa namba ili liwe rahisi kujibiwa: mmeonyesha Kilwa isiyo na bahari. Mna picha za majumba, orodha ya masultani, kipande cha kauri ya Kichina chini ya taa nzuri. Mwanafunzi anatoka pale akiamini kwamba alikuja mtu tajiri, akajenga, kisha Mreno akaja, akabomoa. Katikati ya hapo, kwamba mji mdogo wa kisiwani uliishi vipi kwa utajiri ule karne hata karne, hakuna jibu. Jibu liko kwenye upepo, kwenye maji na kwenye mahali kisiwa kilipokaa.

1. Ramani yenu imekatwa Ruvuma

Naanza na hili kwa sababu ndilo kubwa. Ramani ya ukutani, ile yenye taa kwa nyuma, inaanzia Mogadishu na kuishia mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Chini ya mto Ruvuma mmeweka nembo ya mfadhili na mshale unaoonyesha kaskazini. Waheshimiwa, pale penye nembo ndipo ilipokuwa Sofala.

Sofala ndiyo iliyoipa Kilwa ubwana wake. Iko zaidi ya kilomita 1,200 kusini mwa Kilwa, si mbali na ulipo mji wa Beira leo. Dhahabu ilichimbwa na kuchekechwa katika uwanda wa juu wa Zimbabwe, ikateremshwa hadi pwani, ikapakiwa Sofala. Walioanza kuifaidi walikuwa wafanyabiashara wa Mogadishu. Kilwa ikaingia baadaye, ikashika njia, na ilipokuwa na nguvu ikapeleka watawala wake huko. Mreno João de Barros, aliyechapisha historia yake mwaka 1552, amesimulia jinsi Kilwa ilivyopata habari za mahali hapo: mvuvi wa Kilwa alinasa samaki mkubwa, akavutwa nje, mkondo ukamchukua mpaka Sofala, akakuta chombo cha Mogadishu kikifanya biashara ya dhahabu. Iwe ni kweli au ni ngano, aliyeitunga aliujua mkondo ule. Hadithi hiyo ingewashika watoto kuliko kibao chochote mlichonacho, na haimo.

Kwenye kabati la kioo mna sarafu za shaba za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14. Lebo yenu inasema: “Sarafu za kale, shaba.” Basi. Sarafu ya sultani huyohuyo imepatikana Great Zimbabwe, magofu ya mji wa mawe yaliyo bara kabisa, kilomita mamia kutoka baharini. Huko huko zimepatikana shanga za kioo na vipande vya kauri kutoka China na Uajemi, na hivyo havikuota porini. Ukiweka sarafu, shanga na ramani isiyokatwa pamoja, mtoto wa miaka 14 anaiona biashara nzima bila kufundishwa. Ukiweka sarafu peke yake, anaona shaba.

Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331. Mfanyabiashara mmoja alimweleza kwamba Sofala ni mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa, na kwamba kutoka Sofala hadi nchi ya Yufi, inakotoka dhahabu, ni mwendo wa mwezi. Kwa maneno mengine, mgeni aliyeuliza habari za dhahabu mwaka 1331 alipata jibu bora kuliko mgeni anayelipa kiingilio kwenu leo.

2. Upepo haupo

Nimetafuta neno “kaskazi” katika maelezo yote ya chumba kile, sikulikuta. “Kusi” nalo halipo. Makumbusho yako hatua chache kutoka ufukweni, mahali ambapo wavuvi hawaamkiani kabla ya kuuliza upepo!

Niruhusuni nieleze kwa nini hili si jambo dogo. Kaskazi huanza Novemba au Desemba, hushika Januari na Februari, hulegea Machi. Ndiyo iliyoleta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi huanza Aprili, na ndiyo iliyovirudisha, ila Juni na Julai huwa kali mno na nahodha mwenye akili hakai nayo baharini. Kwa hiyo mwaka wa biashara ulikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na kila mmoja una tarehe zake. Anayechelewa hafungiwi na mfalme, hufungiwa na upepo.

Sasa, kaskazi haivumi sawasawa pwani nzima. Kadiri unavyoshuka kusini inalegea, na ukipita Rasi Delgado, kusini kidogo ya mdomo wa Ruvuma, huwezi tena kuitegemea. Chombo kilichotoka Gujarat ya India, Aden ya Yemen au Hormuz ya Ghuba kikang’ang’ania kwenda mpaka Sofala kilikuwa na hatari ya kukosa upepo wa kurudia, kikae mwaka mzima, mabaharia wanakula, wadudu wa bahari wanatoboa ubao, na fedha ya tajiri aliyebaki nyumbani imelala. Lilihitajika basi pahali pa mwisho ambapo chombo cha mbali kinaweza kufika, kuuza, kununua na kurudi kwa pepo za mwaka huohuo. Pahali hapo ni Kilwa, nyuzi 9 hivi kusini mwa ikweta.

Wanafunzi wangu huelewa nikiwaambia ni stendi ya mwisho wa lami: basi kubwa linashusha, mzigo unahamia kwenye magari madogo yenye madereva wanaoijua njia ya vumbi. Safari ya kusini ilifanywa na vyombo vya pwani, na watu walioujua mkondo unaotoka bahari kuu, unaogonga pwani karibu na Rasi Delgado na kugawanyika, tawi moja likipanda kaskazini na jingine likishuka katika mlango wa Msumbiji. Wao ndio waliojua lini ushuke nao na lini ungoje kusi ikurudishe. Ujuzi huo uliishi vichwani mwao zaidi kuliko vitabuni, na mgeni wa kawaida kutoka Hormuz hakuwa nao. Kilwa iliuza dhahabu na pembe, lakini kwanza kabisa iliuza urahisi wa mgeni kutokwenda Sofala.

Angalieni kinachofuata. Mgeni anayengoja upepo kwa miezi anahitaji pa kulala, mwenyeji wa kumdhamini, ghala, mahali pa kuswali, na mara nyingi mke. Mji wa mawe, msikiti mkubwa, ukoo wenye asili pande mbili za bahari: vyote vina mkono wa hiyo miezi ya kungoja. Na mwenye mji anakaa mlangoni, anatoza. Diogo de Alcáçova, Mreno aliyemwandikia mfalme wake mwaka 1506, ameeleza ushuru wa Kilwa: mithkali moja (kipimo cha uzito cha zamani) ya dhahabu kwa kila nguo 500 zinazoingia, na hiyo ni ya kupita mlangoni tu, maana baada ya hapo mfalme alijichukulia sehemu kubwa ya bidhaa. Ushuru wa namna hiyo unawezekana pale tu ambapo mwenye mali hana kwingine pa kwenda. Jiografia ndiyo iliyokuwa askari wa sultani.

Mambo haya yangeenea katika kibao kimoja: duara la miezi 12, mishale miwili, na picha ya chombo. Hata chombo hamhitaji kukibuni. Kwenye lipu ya magofu ya Kilwa na Songo Mnara kuna michoro ya vyombo iliyokwaruzwa na watu wa wakati ule wenyewe.

3. Kisiwa chenyewe kimesahauliwa

Mwanafunzi wangu mmoja alitazama mchoro wa nyumba ya mawe, akauliza kwa nini vyumba ni virefu lakini vyembamba hivi. Muongoza wageni akamjibu kwamba ilikuwa desturi yao. Simlaumu kijana yule, hakupewa jibu jingine. Jibu ni boriti. Dari ilibebwa na miti ya mikoko, na urefu wa mkoko unaofaa ndio ulioamua upana wa chumba. Boriti hizohizo zilipakiwa kwa mamia kwenda Ghuba, kwenye nchi isiyo na miti ya kujengea, na ziliendelea kwenda huko hadi karne ya 20. Mtoto yule aliuliza swali la uchumi wa Bahari ya Hindi, akajibiwa desturi.

Semeni basi habari za kisiwa. Kati yake na bara kuna maji yenye kina, yaliyojificha dhidi ya mawimbi ya bahari kuu, chombo kinatia nanga bila hofu. Kuna visima vya maji baridi. Kuna matumbawe, ambayo yakitolewa baharini yangali mabichi huchongwa kwa urahisi, kisha hukauka yakawa jiwe, na hayohayo yakichomwa kwenye tanuu la magogo hutoa chokaa. Bandari, maji, mawe, chokaa na mbao vyote viko mkono unapofika. Anayesimama Husuni Kubwa, jumba la al-Hasan bin Sulaiman lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, anaona mara moja kwa nini lilijengwa juu ya genge linalotazama bahari. Upande wake wa kusini kuna ua mpana uliozungukwa na vyumba ambavyo wanaakiolojia wamevifasiri kuwa ghala. Kibao chenu kinaliita “jumba la anasa”. Anasa ilikuwepo, sikatai. Lakini sultani yule alilala jirani na mzigo wake.

4. Watu waliobeba kazi hawaonekani

Katika maelezo yenu yote watu wenye majina ni masultani, na watu wasio na majina hawapo kabisa. Nani alisokota pamba? Vigurudumu vya pia za kusokotea vimechimbuliwa kwa wingi Kilwa, ishara kwamba mji haukukaa tu kungoja nguo za Gujarat, ulitengeneza na zake. Nani alilima mtama uliolisha mji? Nani alibeba pembe za ndovu kutoka bara?

Na kuna jambo zito zaidi. Mmeweka ukutani kisa cha ukarimu wa al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa kutoa kwake, jinsi fakiri kutoka Yemen alivyomwomba nguo alizovaa, naye akamvulia. Kisa hicho ni cha Ibn Battuta, ni kizuri, na mmekikata katikati. Kinaendelea hivi: mwana wa sultani akazirudisha nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa 10, na sultani alipoona watu wanavyolisifu tendo hilo akaamuru aongezewe watumwa 10 wengine na mizigo miwili ya pembe. Watu 20 mmewafuta kwa nukta tatu za kukatisha maneno. Ibn Battuta pia anasema mfalme huyo alikuwa akivamia nchi za jirani na kuchukua ngawira. Dola hii iliishi kwa upepo na bandari, na iliishi pia kwa watu kama hao. Wanafunzi wangu ni wakubwa wa kutosha kuambiwa, na baadhi yao ni wajukuu wa pande zote mbili.

Mwishoni mwa kisa anaongeza kwamba zawadi nyingi za watu wale zilikuwa pembe, dhahabu waliitoa kwa nadra. Hapo mimi husimama na darasa, tukakisia: je, dhahabu ilikuwa ya kupitishwa kwenda kwa wageni, si ya kugawa nyumbani? Ni makisio tu, lakini somo la historia huanzia hapo.

5. Waanzilishi

Hili nitalipita haraka. Kibao cha kwanza kinasema mji ulianzishwa na Washirazi waliokuja kwa jahazi. Habari hiyo inatoka kwenye tarihi ya Kilwa, iliyoandikwa katika karne ya 16, na inastahili kusimuliwa, hasa ile sehemu ya Ali bin al-Hasan kununua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Lakini chini ya nyumba za mawe wachimbaji wamekuta tabaka za makazi ya zamani zaidi, zenye vyungu vya watu wa pwani hii hii. Andikeni yote mawili. Mkiacha moja peke yake, mnamwambia mtoto wa Kilwa kwamba mji wa babu zake ulishushwa kutoka melini ukiwa tayari umejengwa.

6. Kuanguka

Mmeandika kwamba Kilwa iliangushwa na mizinga ya Mreno Francisco de Almeida, Julai 1505. Mji ulishambuliwa na kuporwa, ni kweli. Miaka mitatu kabla yake Vasco da Gama alikwishatoza kodi ya dhahabu kwa vitisho, nayo ni kweli. Lakini tazameni mwaka huohuo wa 1505 kulifanyika nini kusini: Mreno mwingine, Pêro de Anaia, alijenga ngome Sofala, kwa ruhusa ya Shehe Yusuf aliyekuwa akitawala pale, ambaye hata kabla ya Wareno alikuwa amekwisha kujitoa mkononi mwa Kilwa. Na Kilwa kwenyewe masultani walikuwa wakiwekwa na kuondolewa na maamiri. Uzi uliofunga bandari na bandari ulikuwa umeanza kulegea kabla mzinga haujalia.

Kisha mwaka 1512 Wareno wakaiacha ngome yao ya Kilwa, wakaondoka. Miaka saba tu. Hapakuwa na dhahabu tena ya kulinda. Hata Sofala haikuwapa walichotarajia, kwa sababu wafanyabiashara wa pwani waligeuza njia, wakapitisha mali Angoche na mto Zambezi. Hili ndilo ninalotaka mwanafunzi alione: mji ulioporwa huweza kujengwa tena, ila dola iliyosimama juu ya njia ya bahari, njia ikihama, haina pa kusimama. Haikuwa dola ya mashamba na mipaka, kwamba ungeitafuta kwenye ramani kwa rangi moja. Ilikuwa mfululizo wa bandari, Mafia hapa, Sofala kule, zilizoshikana kwa faida. Kibao chenu cha mizinga kinaifanya ionekane kama ngome iliyoshindwa vita.

Majibu ninayoyatarajia

Mtasema hakuna fedha. Nembo ya mfadhili inaweza kuhamia kona nyingine ya ukuta bila gharama ya maana. Ukarabati uliopita ulipata fedha za rangi, taa na zulia. Karatasi ngumu ya duara la pepo haiwezi kuzidi bei ya zulia.

Mtasema wageni wanapenda majumba, hawana muda wa pepo na mikondo. Wageni gani? Wanafunzi ndio wengi wenu, siku za juma karibu wote. Na watalii nao hushangaa zaidi wakiambiwa kwamba birika la pembe nane lilijazwa na kaskazi.

Mtasema maelezo yalipitishwa na wataalamu. Nawaheshimu. Lakini hakuna nililolisema hapo juu ambalo mtaalamu wa pwani atalikana, na mengi ni wataalamu haohao waliotufundisha vyuoni. Tatizo liko kati ya chuo na kibao, kwenye meza ya aliyepunguza maneno.

Mtasema Sofala ni historia ya Msumbiji na Great Zimbabwe ni ya Zimbabwe. Hili lilikwisha kusemwa mbele yangu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mpaka wa Ruvuma waliupanga Wajerumani na Wareno mwishoni mwa karne ya 19. Kuutumia kukatia ramani ya karne ya 14 ni kumpa mkoloni heshima ambayo hata yeye hakuiomba.

Ninachoomba

Kwanza, ramani ibadilishwe, ifike Sofala na Great Zimbabwe upande mmoja, na Hormuz, Aden na Gujarat upande wa pili. Hili halina mbadala. Mkifanya hili tu na kuyaacha mengine, nitakuja kuwashukuru.

Pili, kiwekwe kibao cha pepo, na maneno yake yapitiwe na manahodha wazee wa mji huu kabla ya kuchapishwa. Wapo, wana kumbukumbu, na hawatadai posho ya semina.

Tatu, kisa cha fakiri wa Yemen kiandikwe chote.

Nne, lebo ya sarafu iseme ilikotoka sarafu mwenziwe, kibao cha kwanza kiongezewe wenyeji, na kibao cha mwisho kiongezewe mwaka 1512.

Tano, vijana wanaoongoza wageni wapewe mafunzo ya siku moja kuhusu bandari, mikoko, matumbawe na pepo. Niko tayari kusaidia kuyaandaa bila malipo, siku yoyote ya likizo.

Yale ya pili hadi ya tano yanaweza kusubiri bajeti. Ramani haiwezi, kwa sababu kila juma linalopita kuna darasa linasimama mbele yake na kunakili kwenye daftari. Nimeona daftari za shule nyingine zenye ramani ileile, imekatwa palepale, na mwanafunzi mmoja mwangalifu amechora hadi nembo ya mfadhili.

Naomba jibu la maandishi, lenye jina na saini ya mwenye mamlaka, kabla ziara za shule za muhula ujao hazijaanza. Likifika nitalichapisha lote chini ya barua hii, bila kupunguza neno. Lisipofika, nitaendelea kuwaleta wanafunzi, maana hawana makumbusho mengine, ila watakuja na ramani yao wenyewe waliyoichora darasani, na tutaifungua hapohapo ukutani kando ya yenu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Historia

Nakala:
Wakuu wa shule za sekondari za wilaya
Wazazi wa wanafunzi wangu
Mfadhili wa ramani